Nilitaja Jina la Kijana wa Jirani, Sasa Mtaa Unamsaka

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, nipo Mbeya mjini. Nauza viazi mviringo, karoti na hoho pale Mwanjelwa. Mtaa wetu nauacha bila jina, ila ni huku juu upande wa mlima Loleza, ambako maji ya mvua yamechimba makorongo, na njia ya kushukia barabara ya lami inapita katikati ya milingoti.

Kila siku natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri niwahi mzigo. Ukichelewa unakuta viazi vizuri vimeshachaguliwa, unabakiwa na vile vidogo na vilivyokatwa na jembe. Miaka tisa nimepita njia ile peke yangu na tochi ya simu. Jumatatu ya wiki iliyopita (ni mwezi wa sita huu, unaijua baridi na ukungu wa huku), nilipofika kwenye kidaraja cha mbao, mtu alinitokea nyuma akanipiga roba. Mwenzake akaja mbele na kisu. Huyo wa mbele alisema neno moja tu, "Tulia mama." Tochi ikaanguka. Walichukua pochi, ilikuwa na laki mbili na elfu themanini, na humo laki moja na nusu ni ya kikoba, nilikuwa nampelekea mweka hazina. Wakachukua na simu. Wakanisukuma korongoni, wakaondoka. Hawakukimbia, Shangazi. Walitembea.

Nilirudi nyumbani nimejaa tope. Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa Tunduma. Mdogo wake, shemeji yangu, akaja na vijana wanne. Wakaniuliza, umemwona nani? Nikasema sijamwona mtu. Wakauliza tena, na tena. Kitu pekee kilichobaki kichwani mwangu ni mkono ulionikaba, ulivaa sweta la kijani lenye mstari mweupe. Nikasema, "Lilikuwa kama lile la kijana wa jirani hapo chini." Nikataja na jina lake.

Kijana mwenyewe ana miaka 19, anaosha bajaji kijiweni. Aliacha shule kidato cha pili, watu wanasema anavuta bangi, na mwaka jana alisingiziwa kuku, au labda kweli aliiba, sijui. Mama yake ni mjane, anauza mkaa wa kupima kwa ndoo. Tunaazimana chumvi.

Kufika mchana mtaa mzima ulikuwa unajua. Vijana wakaenda kwao, hawakumkuta, wakavunja kioo cha dirisha. Tangu siku ile kijana halali nyumbani. Jumapili shemeji akaniambia wameshakubaliana, mwisho Ijumaa, akionekana hafiki polisi. Eti polisi unampeleka leo, wiki ijayo mnapishana naye sokoni. Tairi lipo tayari nyuma ya banda lake. Nimeliona.

Usiku wa jana mama wa kijana alikuja kwangu. Hakupiga hodi, alikwaruza mlango kwa kucha. Alipiga magoti jikoni, karibu na jiko lenye moto, akasema, "Niambie tu kama ulimwona. Ukisema ulimwona, nitamleta mwenyewe kwa mkono wangu." Nilishindwa kumjibu. Shangazi, uso sikuuona.

Nikifuta kauli watasema nimehongwa. Na nisikudanganye, nina hasira, kuna saa natamani aliyenikaba apate cha moto. Siku nane sijaenda sokoni. Koo linauma, sauti imekauka. Binti yangu wa miaka 14, yuko kidato cha kwanza, anapita njia ile ile saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nifanye nini?

Mama Karoti, Mbeya

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya kukabwa, na pole ya haya yaliyofuata, ambayo naona yamekukaba zaidi.

Wasomaji wangu, barua hii ilinifikia Jumanne jioni. Niliisoma mara mbili, kisha nikaipigia namba ya jirani aliyotumia kuituma. Kuna barua za kungoja zamu, hii haikuwa mojawapo. Leo ni Alhamisi. Mwenyewe amekubali niandike tuliyozungumza na niliyosahau kumwambia, kwa kuwa mitaa yenye tairi lililowekwa tayari ni mingi.

Swali langu la kwanza kwake halikumhusu kijana. Nilimuuliza koo. Mtu aliyepigwa roba, siku nane zimepita, sauti bado imekauka na kumeza kunauma, huyo si wa kukaa nyumbani anakunywa tangawizi. Roba hubana njia ya hewa na mishipa inayopeleka damu kichwani, na madhara yake yanaweza kujitokeza baadaye: koo kuvimba kwa ndani, kupumua kwa shida, kizunguzungu, upande mmoja wa mwili kulegea. Jana alikwenda polisi akaandikisha maelezo, akapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi, na fomu ya PF3 ya kujazwa na daktari, akaenda nayo hospitali. Daktari amempima, amejaza fomu, amempa mapumziko mpaka Jumatatu. Kwa wengine nasema: ukiumizwa vibaya, kimbilia matibabu ya dharura kwanza, ndugu afuatilie PF3. Lakini msiidharau fomu ile. Siku ya kesi ndiyo itakayosimama kusema koo hili lilikabwa, wakati alama za kukabwa zimeshafutika shingoni.

Sasa jina.

Mwanangu, turudi pale kidarajani taratibu. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya nchi hii, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana, na mahakama isiutegemee mpaka iridhike kwamba hakuna nafasi ya kukosea mtu. Majaji wakataja mambo ya kuulizwa, na mpaka leo mahakimu wanayauliza. Ulimtazama kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Je, ulimfahamu kabla?

Nilikuuliza hayo kwenye simu, nawe ulijibu kwa ukweli, nakushukuru. Muda, ulisema, kama kuhesabu mpaka kumi. Umbali, wa mbele alikuwa hatua moja, lakini huyu wa sweta alikuwa mgongoni, hukumwona kabisa. Mwanga, tochi iko chini inamulika majani, ukungu umetanda. Kumfahamu, unamfahamu kijana wa jirani tangu anabebwa mgongoni. Nikakuuliza, je, sauti? Ulinyamaza, ukasema sauti ile haikuwa ya mtu wa pale kwenu. Ni sawa, ila aliyesema ni wa kisu, aliyekaba hakutoa neno. Kwa hiyo hata sauti haimtaji kijana wala haimsafishi.

Kinachobaki ni mkono wa sweta. Nenda Mwanjelwa mwezi wa tano, baridi inapoanza kuuma, usimame pale wanapofungua bale la sweta za mtumba. Mimi nimesimama. Nimeona bale moja likitoa sweta 12 za shule moja ya huko Ulaya, rangi moja, mstari mmoja mkononi, na kabla ya saa sita mchana zote zilikuwa mabegani mwa vijana. Kisha usiku wa leo zima taa jikoni, acha kibatari mbali sakafuni, shika khanga ya kijani na khanga ya bluu uniambie ipi ni ipi.

Uliona mkono, mwanangu. Mtu hukumwona.

Na sikuambii haya nikulaumu. Umetoka korongoni, unatetemeka, wanaume watano wamesimama juu yako wanauliza nani, nani, nani. Mara ya kwanza ulisema kweli, kwamba hukumwona mtu. Kweli ile hawakuitaka. Kichwa cha mtu mwenye hofu kikibanwa hivyo kitatoa chochote kilichopo, na kilichokuwepo ni sweta.

Mwaka 1994 nilikuwa nauza maandazi stendi, sio Mbeya, mji mwingine wa nyanda hizi. Pembeni yangu kulikuwa na baba mmoja anapika chapati kwa jiko la mafuta ya taa. Mpole, alikuwa ananisaidia kubeba meza. Asubuhi moja kelele za mwizi zikapita, wakaletwa watu wawili wanaburutwa, na mtu nisiyemjua akamgeukia yule baba akasema, "Mzee, lete kidogo." Akatoa. Hakupiga mtu, hakuinuka hata kwenye kigoda chake, alinyoosha mkono tu na lile galoni dogo la njano. Baada ya nusu saa hivi alikuja mama mmoja amejifunga khanga kiunoni, anauliza kila meza kama kuna mtu amemwona mwanawe, alitumwa sukari. Alifika na kwangu. Nilimpa andazi. Mpaka leo sijui kwa nini nilimpa andazi.

Polisi walipokuja, waliopiga hawakuwepo hata mmoja, walikuwa wageni wa stendi, wakapanda magari yao. Walimchukua baba wa chapati. Kesi ilichukua miaka, na mkewe akauza kiwanja.

Nalieleza hili ili shemeji yako alisikie. Sheria ya nchi hii inahesabu walioshiriki nia moja kuwa wakosaji wote, aliyepiga, aliyeshika, aliyeleta mafuta, aliyesema "huyo hapo". Kosa ni mauaji, na adhabu ya mauaji ni kunyongwa. Wewe uliyetaja jina utaitwa utoe maelezo, na hata usiposhtakiwa utaendelea kuazimana chumvi na nani?

Najua hoja yao, kwamba polisi wanawaachia. Sitasema hasira yao haina msingi, wameibiwa sana. Lakini waambieni ukweli wa kesi hii. Kulikuwa na kisu, kwa hiyo huu ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo halina dhamana, na anayetiwa hatiani anafungwa si chini ya miaka 30. Kijana wa miaka 19 atatoka ana 49. Nani anasema sheria hiyo ni laini? Kesi nyingi za aina hii hufia mahakamani kwa sababu shahidi anaitwa haji, anaitwa haji, mwisho hakimu anafuta. Kama shemeji yako anataka mkabaji afungwe, kazi yake ni kukusindikiza kila tarehe ya kesi. Na kwa sababu kifungo ni kizito hivyo, ndiyo maana lazima awe yeye hasa.

Kuhusu kufuta kauli. Wewe hufuti kitu kilichokuwa kweli, unarudisha maneno mahali pake. Uliyoandikisha polisi jana ndiyo kauli yako: roba, kisu, "Tulia mama", mkono wa sweta lililoonekana la kijani, kwamba liliwahi kukukumbusha sweta la kijana fulani, na kwamba uso hukuuona. Umewaambia polisi na hilo la kijana, vizuri, hukumficha. Wakitaka kumhoji watamhoji, ndiyo kazi yao. Leo saa kumi jioni mwenyekiti wa mtaa atakaa nawe ofisini, na shemeji, na mama wa kijana, na mzee mmoja mnayemheshimu nyote. Sema hivi, kwa sauti yako hiyo iliyokauka: "Nilitaja jina kwa hofu. Uso sikuuona. Kesi ina RB, mimi ndiye niliyekabwa na mimi ndiye shahidi, nimeiacha mikononi mwa polisi." Mwenyekiti aiandike kwenye daftari la mtaa, mtie sahihi. Akisema mtu umehongwa, mtajie namba ya RB. Aliyehongwa haendi kufungua kesi.

Lakini shemeji asilisikie jambo hili kwa mara ya kwanza mbele za watu, atajiona amedhalilishwa, na mwanaume wa umri ule akidhalilishwa mbele ya wenzake ndipo anapoharibu. Mumeo ndiye kaka mkubwa. Ampigie mdogo wake mchana huu kutoka huko aliko, wazungumze kindugu, amshukuru kwanza kwa kukukimbilia siku ile. Alikukimbilia kweli, hilo lisisahaulike.

Kijana asitoroke kwenda Tukuyu kwa wajomba, kama mama yake alivyokuwa anapanga. Akitoroka, mtaa utasema si unaona. Nilimwambia mama yake kwa simu: achukue bajaji mchana kweupe, yeye, mwanawe na mwenyekiti, wafike kituoni, kijana aeleze alikuwa wapi alfajiri ile. Kama hakufanya, maelezo yake yako kwenye kitabu. Kama alifanya, Mungu amsaidie mama huyu, atakuwa ametimiza ahadi aliyokupa jikoni kwako, na mwanawe atakuwa hai. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, inasema mtu anayeshtakiwa asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Ibara hiyo iliandikwa kwa ajili ya mtu kama huyu hasa, anayevuta bangi, aliyesingiziwa kuku, ambaye hakuna anayetaka kumtetea.

Ikitokea wamemkuta kabla. Narudia kwa wote, kwa sababu siku ile stendi sikujua la kufanya. Piga 112, mpigie mwenyekiti, mpigie polisi kata, mwambie na mtu wa pili apige pia, usiamini kwamba mwingine amepiga. Msiingie katikati mmoja mmoja. Ingieni wengi, hasa kina mama na wazee, mmwingize mtu kwenye chumba chenye mlango, ofisi ya mtaa au duka. Na iteni watu kwa majina. "Baba fulani, nakuona. Mwalimu, na wewe upo hapa? Mtoto wa dada yangu, weka hilo jiwe." Katika kundi lile mtu anajiona hana jina, ndiyo maana mkono wake unakuwa mwepesi. Akisikia jina lake linaitwa na mtu anayemjua mama yake, wengi hurudi nyuma. Wanaopiga ni wachache siku zote, waliobaki wamesimama wanatazama, na ninyi mnawajua.

Sasa njia yenyewe, maana kijana huyu akiwa na hatia au asiwe nayo, milingoti bado ipo na giza bado lipo.

Usipite tena peke yako. Uliniambia mtaani kwenu kuna kina mama watano wanaoenda Mwanjelwa na Soweto alfajiri, kila mmoja kwa saa yake. Kwa nini? Kutaneni kwenye nyumba moja yenye taa, saa moja mliyokubaliana, na mwenye kuchelewa asubiriwe dakika tano. Chukueni bajaji ya dereva mnayemjua, mwenye namba zenu, awafuate hapo hapo juu. Ikiwa ni elfu tatu mkigawana wanne ni mia saba na hamsini kila mmoja, na wewe umepoteza laki mbili na themanini kwa asubuhi moja. Pesa ya mzigo iweke kwenye simu jana yake jioni, ulipe kwa simu. Makato yanauma, najua, ila hayakukabi. Ya kikoba usitembee nayo kabisa, mweka hazina aje kuichukua kwako mchana, na kuhusu hiyo laki na nusu waonyeshe RB, waombe wakugawie kwa miezi. Simu ile kama hujafunga laini, funga leo, piga 100 kwenye mtandao wako, kwa sababu mwizi mwenye laini yako anakopa kwa jina lako. Na siku yoyote mtu akikutolea kisu, mpe. Usimvute, usimtazame sana, mpe.

Hayo ni ya wewe. Kidaraja ni cha mtaa. Mwenyekiti akiitisha mkutano, omba mambo mawili tu, ukiomba kumi hupati hata moja. Kwanza, Jumamosi ya usafi mfyeke vichaka pande zote mbili za njia na kukata matawi ya chini ya milingoti, mtu aonekane kutoka mbali. Nyumba tatu zinazopakana na njia ziwashe taa za nje usiku kucha, mtaa uchangie umeme wake mpaka taa za barabarani zitakapofika. Pili, hawa vijana wa shemeji wapewe kazi. Wameshaonyesha wanaweza kuamka na kukusanyika. Ulinzi shirikishi upo kisheria, sungusungu wenyewe waliingizwa kwenye sheria mwaka 1989, kwa hiyo si jambo la kujifichia. Majina yao yaandikwe kwa mwenyekiti na kwa polisi kata, watembee wawili wawili kuanzia saa tisa usiku, wenye vizibao vya kung'aa na filimbi, na masharti yasomwe mbele ya mkutano: raia anaweza kumkamata anayemwona akitenda kosa, anamkabidhi polisi bila kuchelewa, na hampigi. Mtaa uwachangie chai na posho kidogo. Nitasema na hili, hata kama si lote la leo: halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wanaoosha bajaji kwa ndoo wanaweza kujiunga kikundi, wakaomba mashine ya kuoshea. Wamuulize afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Binti. Huyu ndiye aliyeninyima usingizi baada ya kukata simu. Miaka 14, peke yake, gizani, kila siku. Aende na wenzake, na mzazi mmoja kwa zamu awapeleke mpaka lami, mpangie zamu hizo kwa juma. Muone mwalimu mkuu umweleze, kama wanafunzi wa milimani wanaweza kuingia dakika 20 baadaye miezi hii ya baridi, mwalimu mwenye watoto wake mwenyewe ataelewa. Mnunulie filimbi aivae shingoni chini ya sweta, na nyumba za njiani zijue kwamba filimbi ikilia wanatoka na taa. Na kaa naye jikoni, mwambie wazi kwamba mtu yeyote akimshika, awe mgeni au awe ndugu, aje akuambie hata kama alitishwa, na hatapigwa kwa kusema. Namba 116 ni ya watoto, ni bure. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, unaeleza ukiwa chumbani na si kaunta mbele za watu. Na Mungu apishe mbali, mtoto akibakwa, asioge, afikishwe hospitali haraka, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ni hasara.

Uliniuliza pia, kwa sauti ndogo, kama ni dhambi kutamani aliyekukaba aumie. Mwanangu, umekabwa na kisu kikawekwa usoni kwako. Kasirika. Lia, kama bado hujalia. Ukiona wiki zinapita unashtuka kila mlango ukigongwa, hulali, huli, rudi hospitali uwaambie na hilo, nalo ni jeraha la roba ile ile.

Jumatatu alfajiri kina mama wanne watakuwa mlangoni kwako saa kumi na robo, nimeshazungumza na yule wa hoho. Toka nao. Na mumeo akimpigia mdogo wake mchana huu, aongeze jambo moja. Lile tairi alitoe yeye mwenyewe nyuma ya banda, leo, kabla ya saa kumi, alibebe mchana watu wakiona, alipeleke kwa fundi wa katambuga, wale wa viatu vya tairi. Likishakatwa, nipigie.

Shangazi